Fundo na Tawakali

Mtu anayeshuka jabali kwa kamba huianza safari yake kwa kuyapa mgongo yale anayoyaendea. Jambo hili, ambalo wapandaji wa milima wamelizoea hata hawalioni tena, limeishughulisha akili yangu tangu jioni ile niliposimama juu ya mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower, katika bonde la Hell's Gate jirani na Naivasha, mshipi umenikaza kiunoni na mapajani kama mtoto aliyefungwa winda, na kijana aliyekuwa akituongoza, ambaye umri wake haukufika nusu ya wangu, akiniambia kwa adabu, "Mzee, sasa keti." Nikamwuliza niketi wapi, maana nyuma yangu hapakuwa na kiti wala mkeka, ila hewa ya mita 25 na, chini kabisa, pimbi watatu wakiota jua la mwisho juu ya mawe. "Keti kwenye kamba," akasema. "Ukilikumbatia jiwe miguu itateleza. Ukiegemea nyuma ndipo utakaposimama."

Mimi ni mtu wa pwani. Nimekulia penye minazi, na maarifa yote niliyokuwa nayo ya kushuka kutoka mahali pa juu nilikuwa nimeyapata kwa kuwatazama wakwezi, ambao hushuka kifua kikiuelekea mti, mikono imeuzunguka, na nyayo zikitafuta vidato vilivyochongwa shinani (sisi walimu, tulioliazima neno hilo kuyaitia madarasa ya sekondari, tumekwisha kusahau kwamba kidato ni pengo la kutia mguu). Kwa mkwezi kukumbatia ndiyo salama na kuachia ndiyo hatari. Hayo ndiyo mafunzo ambayo mwili wangu uliyapokea kabla sijajua kusoma, na kumbe juu ya jiwe lile mwili wangu ulikuwa mwalimu mpotofu.

Lakini sikukusudia kuieleza habari ya woga wangu, kwani woga wa mzee mmoja hauna tija kwa msomaji. Nataka kuyaeleza maneno machache yaliyosemwa kabla sijaketi. Kijana yule alikuwa amenikagua kama mshitiri akaguavyo lulu: alipitisha vidole baina ya mshipi na tumbo langu ili ajue kama umelegea, akautazama mkia wa mshipi kama umerudishwa ndani ya bizimu, akaibinya karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, kisha akaizungusha hesi yake mpaka ikagoma, akanitaka niuvue mharuma niliojitanda shingoni, kwa sababu nguo inayoning'inia ikinaswa na chuma cha kushukia humtundika mtu katikati ya ukuta asiweze kupanda wala kushuka, akazirudia zile bolti mbili zilizopigiliwa jiweni, ambazo mimi nitaziita nanga kwa kuwa kazi yao ni ile ile ya nanga, halafu, alipokwisha, akaanza upya. Mmoja wetu, mtu mcha Mungu ninayemheshimu hata leo, hakuweza kujizuia. "Mwanangu," akasema, "wasiwasi wote huu wa nini? Ajali haina kinga." Kijana akaitikia, "Ni kweli, mzee," akakagua mara ya tatu.

Naam, ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa na tawakali? Rafiki yangu aliamini kwamba kukagua kukipita kiasi ni upungufu wa imani, kana kwamba kila mguso wa kidole juu ya fundo ni sauti ndogo inayomwambia Mwenyezi Mungu, "Sina hakika nawe." Mimi naamini alikosea, walakini kosa lake si la upumbavu, bali ni kosa lenye nasaba ndefu na heshima zake. Bedui alikwisha kumwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake na kutawakali au amwache huru na kutawakali, akaambiwa amfunge kwanza. Na katika Injili twasimuliwa kwamba Ibilisi alimpandisha Isa mwana wa Mariamu juu ya kinara cha hekalu, akamshawishi ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka. Naye akakataa, akaliita shauri hilo kuwa ni kumjaribu Mungu. Nimeisikia hadithi hiyo ya pili ikihubiriwa mara nyingi kama hadithi ya majivuno. Baada ya Naivasha naisoma kama hadithi ya mtu aliyesimama ukingoni na kuambiwa kwamba kamba ni dalili ya kutoamini.

Aliyelitia swali hili kwenye mizani vyema kuliko wote niliowasoma ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din. Humo amewapanga wenye kutawakali daraja tatu: wa kwanza humtegemea Mungu kama mtu amtegemeavyo wakili wake mbele ya kadhi, wa pili kama mtoto amtegemeavyo mamaye, asiyejua kimbilio jingine wala hafikiri kuwa lipo, na wa tatu, ambaye ndiye wa juu kabisa, huwa mbele ya Mola wake kama maiti mikononi mwa mwosha. Watoa mawaidha wetu huipenda sana daraja hii ya tatu, kwa kuwa inapendeza masikioni na haimdai msikilizaji kitu chochote siku ya pili yake. Nami katika ujana wangu nilidhani kwamba hapo ndipo mjadala unapokoma, maana maiti hakagui fundo.

Lakini mwenye kukifunua kitabu kile kurasa chache mbele atamkuta Ghazali huyo huyo akisema kwamba kuziacha zile sababu ambazo Mungu amezifanya kuwa njia ya yakini ya kufikia jambo hakuitwi tawakali, kunaitwa wazimu, mfano wa mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula naye akakataa kunyosha mkono akingoja mkate upande wenyewe mpaka kinywani. Kisha anamtaja Ibrahim al-Khawwas, mmoja wa mabingwa wa tawakali, aliyekuwa akiingia jangwani bila ya akiba ya chakula, na ambaye hata hivyo hakuachana kamwe na vitu vinne: sindano, mkasi, chombo cha maji, na kamba. Sababu yake ni wazi kama jua. Maji ya jangwani hukaa ndani ya visima, na si desturi ya Mungu kuyapandisha maji kutoka kisimani pasi na ndoo na kamba. Mtu aliyeweza kuuacha mkate nyumbani hakuweza kuiacha kamba.

Na ajabu ni kwamba huyu ndiye Ghazali ambaye, alipokuwa akijibizana na wanafalsafa, alishikilia kwamba moto hauiunguzi pamba kwa nguvu yake wenyewe, na kwamba baina ya sababu na tokeo hapana kifungo cha lazima ila desturi aliyoipitisha Muumba. Kwa hoja hiyo hata kamba ya Naivasha haikuwa na nguvu ya dhati ya kunishika. Iliyonishika ni desturi ya Mungu juu ya nyuzi za nailoni. Msomaji wa haraka ataona kwamba mtu anayesema hivyo hana haja ya kujali kama nyuzi ni nzima au zimekatika. Ghazali hakuona hivyo abadan. Madhali desturi ni ya Mungu, kuidharau ni kukosa adabu mbele ya mwenye desturi. Ni kumwambia, baada ya kukuonyesha kwa miaka elfu nyingi kwamba kamba mbovu hukatika, kwamba wewe wamngoja akufanyie la peke yako.

Bibi yangu hakumsoma Ghazali. Nyumbani kwetu palikuwa na kisima cha zamani ambacho mdomo wake wa jiwe la matumbawe ulikuwa umechimbika mifereji kwa kamba za vizazi vilivyopita, mifereji ambayo kidole changu cha utotoni kiliingia na kupotea. Na kila aliyetuonyesha mifereji ile alituambia kwamba ndivyo subira inavyoshinda, kwani kamba laini imelikata jiwe. Hakuna aliyetuambia nusu ya pili ya habari, yaani ni kamba ngapi zilizokatwa na jiwe kabla jiwe halijakatwa na kamba. Bibi aliijua nusu hiyo, kwa sababu kamba zilikuwa kazi ya mikono yake: yeye na wanawake wenziwe walikuwa wakiyafukia makumbi katika matope ya pwani, wakayaacha miezi kadhaa yaoze, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa magongo mpaka zikabaki nyuzi, wakazisokota juu ya mapaja yao. Alipokwenda kuteka maji alikuwa akisimama kidogo, akaipitisha kamba yote baina ya kidole gumba na cha shahada, pole pole, kabla hajaitumbukiza ndoo. Wakati huo huo alikuwa akisema Bismillahi. Nimejaribu kukumbuka kama palikuwa na kituo baina ya mambo hayo mawili, kama alisema kwanza ndipo akapapasa, au alipapasa ndipo akasema. Sikumbuki, na nadhani hapakuwa na kwanza wala pili. Ulimi ulikuwa ukimtaja Mungu na kidole kikitafuta pabovu, na yote yalikuwa dua moja.

Sasa nirudi jiweni. Kifaa nilichoshukia kilikuwa chuma chenye umbo la tarakimu 8, na siri yake ni ile aijuayo kila kuli wa bandarini: kamba ikizungushwa mara mbili katika nguzo ya gati, mtu mmoja mwembamba aweza kulizuia jahazi lililojaa, kwa kuwa nguvu yote imekwisha kuliwa na msuguano kabla haijamfikia mkononi. Vivyo hivyo kamba hupinda ndani ya chuma kile, na mkono wa kuume, ulio chini karibu na nyonga, huamua mwendo kwa kukaza na kulegeza. Ukikaza kabisa hushuki. Ukiachia kabisa, umefika. Kazi yote iko katikati, katika kushika kwa kuachia na kuachia kwa kushika, dhiraa kwa dhiraa. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba mawaidha yetu juu ya kamba yamekuwa ya upande mmoja. Qur'ani, katika sura ya Al Imran, yawaamrisha waumini waishike kwa pamoja kamba ya Mwenyezi Mungu, na sisi kila tunaposikia hivyo twafikiria ngumi iliyofumba, mtu aliyezama anayening'inia na kuvutwa juu. Sikuwahi kusikia khatibu akiwafikiria wale ambao wajibu wao ni kushuka: mzee anayeuacha uongozi, mgonjwa anayeziacha nguvu zake, tajiri anayekwenda kuanza upya mahali pa chini. Hao nao wanaishika kamba ile ile, lakini kwa mkono unaojua kulegeza.

Kamba ya namna ile, mpya na nzima, hubeba zaidi ya tani 2. Kijana alikuwa amenieleza hayo, na mimi, ambaye uzito wangu ni kilo 71, niliweza kupiga hesabu. Nilikuwa pia nimewaona wanafunzi wanne wakishuka mbele yangu wakicheka. Basi nilikuwa na ile elimu ya yakini iliyo ya kusikia, na ile ya pili iliyo ya kuona kwa jicho, na bado magoti yalikuwa yakigongana. Wanavyuoni wamesema kwamba iko yakini ya tatu, ambayo ni ya kulionja jambo lenyewe. Sikupata kuujua ukubwa wa pengo lililoko baina ya ya pili na ya tatu mpaka nilipotakiwa kulivuka kwa makalio. Hapana idadi ya tani inayoketi kwa niaba ya mtu. Kwa ajili hiyo siwakubali wale wa upande wa pili wa rafiki yangu, wanaosema kwamba palipo na hesabu na chuma kizuri tawakali haina kazi tena. Waje wasimame ukingoni waone ni kitu gani hubaki kikidaiwa baada ya hesabu kukamilika.

Niliketi. Miguu ikasimama jiweni bapa kama sakafuni.

Ilipokwisha kutulia pumzi nikayatazama yaliyokuwa karibu na pua yangu, na la kwanza nililoliona lilikuwa kipande cha zulia kuukuu kilichotandikwa ukingoni, chini ya kamba, pale inapopinda kuelekea chini. Nikamkumbuka Ebedmeleki, yule Mkushi, Mwafrika wa nyumba ya mfalme, ambaye katika kitabu cha Yeremia alikwenda kumtoa nabii katika shimo la matope. Walimshusha Yeremia kwa kamba ili afe, naye akapandishwa kwa kamba ili aishi, na kama kisa kingeishia hapo tungesema tu kwamba kamba haina dini. Lakini Ebedmeleki, aliyepewa watu 30 na ruhusa ya mfalme, alipita kwanza ghalani akaokota matambara na nguo zilizochakaa, akamteremshia nabii na kumwagiza ayatie makwapani, chini ya kamba, isije ikamchubua. Katika kitabu kizima chenye vita na maangamizi sijui jambo linalonigusa kuliko matambara yale. Mtu ameruhusiwa kufanya muujiza, naye amefikiria makwapa.

Mzungu wa kwanza anayetajwa kushuka kwa kamba maradufu namna tushukavyo leo ni Jean Charlet, kiongozi wa wapanda milima wa Chamonix huko Ufaransa, ambaye mwaka 1876 alijaribu peke yake kilele cha Petit Dru, akashindwa, na ikambidi abuni njia ya kurudi: aliipitisha kamba mahali pa kuitegemeza, akashuka kwa ncha zote mbili, na alipofika akauvuta upande mmoja ikamfuata. Neno la Kifaransa la ufundi huo, rappel, lina maana ya kuita kitu kirudi. Alikipata kilele mwaka 1879. Yanipendeza kwamba ufundi huu umezaliwa na kushindwa.

Miaka 11 kabla ya jaribio lake, tarehe 14 Julai 1865, watu saba walikuwa wakishuka kutoka kilele cha Matterhorn, wa kwanza kukifikia, wamefungwa wote katika msafara mmoja. Kijana asiyezoea akateleza, akamwangusha aliye chini yake, wakawavuta wawili waliofuata, na kamba ikakatika baina ya hao wanne na watatu waliobaki. Wanne wakapotea. Palikuwa na minong'ono kwamba mzee Peter Taugwalder, kiongozi aliyekuwa juu ya mkato, alitumia kisu, na uchunguzi ukamwondolea shutuma hiyo. Lakini jambo lililobainika ni kwamba kamba iliyofungwa mahali pale ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote walizozichukua. Kamba imara zilikuwapo mlimani siku ile. Kipande kilichokatika kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Zermatt, na wahenga wetu, ambao hawakufika Zermatt, walikwisha kukiandikia maelezo yake: kamba hukatikia pembamba. Mtu aweza kusema ilikuwa kadari, nami sikatai. Ila kadari ile ilipita katika mkono wa mtu aliyeokota kamba pasi na kuitazama, na mkono huo una hesabu yake.

Lakini kisa hicho ni chepesi kwa hoja yangu. Kizito ni cha Toni Kurz, Mjerumani wa miaka 23, katika ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger, Julai mwaka 1936. Wenzake watatu walikuwa wamekufa; yeye alikuwa akining'inia penye upepo na barafu, mkono mmoja umeganda, na waokoaji walikuwa wamemfikia chini yake wasiweze kupanda zaidi. Walimtaka apate uzi wa kuwateremshia, naye kwa muda wa saa nyingi, kwa mkono mmoja ulio hai, alizifumua nyuzi za kamba iliyogeuka barafu, akaziunganisha, akazishusha. Wakamfungia kamba, ikawa haitoshi urefu, wakaiunganisha na ya pili kwa fundo. Akashuka juu yake pole pole, mpaka fundo lile lilipofika kwenye karabina yake likakwama, halipiti. Alijaribu, akasema hawezi tena, akafa mbele ya macho yao, mita chache juu ya mikono iliyonyoshwa.

Hapa rafiki yangu ana haki ya kuniuliza, "Je, sikukwambia?" Maana hapakuwa na taksiri. Mtu alifanya yote, na waliomjia walifanya yote, na kilichomwua ni fundo lenyewe, lile lile ninalolisifu. Sina jibu la kulifunga jeraha hilo, na nawaogopa wenye nalo. Siwezi kusema kwamba mwenye kukagua huokoka. Makaburi ya Grindelwald, chini ya mlima ule, na ya Chamonix yamejaa wakaguzi. Nisemalo ni dogo kuliko hilo. Lau wale waokoaji wangekuwa watu wa kusema ajali haina kinga, wasingetoka kumfuata ukutani hata hatua moja. Na lau Kurz angekuwa maiti mbele ya mwosha, kwa maana ile waipendayo watoa mawaidha, asingeufumua uzi hata mmoja. Vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi ya Khawwas jangwani. Kwamba kisima kilikuwa kikavu si aibu ya kamba.

Na hizo daraja tatu, nilipokuwa katikati ya ukuta, hazikuonekana tena kama ngazi ambayo mtu huacha kidato cha chini akisha kupanda cha juu. Mwili wangu ulikuwa umelala ndani ya mshipi kama mtoto ndani ya mbeleko, wala haukuwa na namna nyingine, kwani kila ulipojikaza miguu ilianza kuteleza. Na papo hapo mkono wangu wa kuume ulikuwa wakili aliye macho, asiyepaswa kusinzia hata kidogo. Mtoto na wakili walikuwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ama huyo maiti, ndiye angekuwa mimi kama mkono ungemwiga mtoto.

Wenyeji wa Naivasha husimulia hadithi ya Kimasai kwamba mnara ule ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa asitazame nyuma, akatazama, akawa jiwe. Jina la Fischer ni la msafiri wa Kijerumani aliyefika pale mwaka 1883. Hadithi hiyo ina ndugu zake katika vitabu vya dini, ambamo jamaa za Lut nao walikatazwa kugeuka. Mimi niliyekuwa nikishuka juu ya bega la bi harusi huyo nilikuwa sina budi ya kutazama nyuma kila hatua, ili nijue pa kutia mguu. Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Nilifika chini salama, nikapeana mikono na kila aliyekuwapo, nikaanza kuwa mtu mwenye maoni. Kijana alikuwa wa mwisho kushuka. Sisi wengine tulikuwa tumefungwa kamba ya pili ya usalama ambayo yeye aliishika akiwa juu. Yeye hakuwa na wa kumshikia. Badala yake aliizungushia kamba kuu, chini ya chuma chake, kitanzi cha ugwe mwembamba, jamaa ya lile fundo la Karl Prusik wa Austria ambalo lilianza kujulikana mwaka 1931: fundo linaloteleza likibembelezwa, na kukaza likielemewa, hata kama mwenye mkono amezimia. Nilipomwuliza baadaye kama anadhani atazimia, alicheka. "Hapana, mzee. Lakini sijiamini kiasi hicho." Rafiki yangu mcha Mungu alikuwa amesimama hapo, akayasikia, akanyamaza, nami nilifahamu kwamba shaka niliyoiona juu ya jiwe haikuwa imeelekezwa mbinguni hata mara moja. Kijana alikuwa akijishuku nafsi yake, na mkono wake, na macho yake ya saa kumi na mbili jioni.

Akatutaka tusogee mbali na shina la jiwe. Akapiga ukelele, "Kamba!" akauvuta upande mmoja, na ule wa pili ukapanda, ukapita katika nanga, ukaanguka wote kwa mvumo, pimbi wakakimbia. Njia ya kurudi juu ikawa haipo. Tulipokuwa tukikusanya vitu vyetu yeye aliketi juu ya jiwe, akaanza kuipitisha kamba baina ya kidole gumba na cha shahada, kutoka ncha moja, bila haraka. Asubuhi ile ile alikuwa ameikagua yote mbele yetu. Karibu na katikati akasimama, akarudi nyuma, akaibinya tena, akaniita. Palikuwa na mahali palipolegea kama kiungo cha kidole kilichokosa mfupa, urefu usiozidi shibiri, na ganda lake limeota manyoya. Kile kipande cha zulia, inaelekea, kilikuwa kimehama ukingoni wakati mmoja wetu akishuka. Nikamwuliza kama ingekatika. Akasema hapana, pengine isingekatika, hata kesho isingekatika. Kisha akatoa kisu, akaikata pale pale, ikawa kamba mbili: moja ya mita 27 na nyingine ya mita 33.